Gari la Watu Watatu

Liechtenstein yote, pamoja na milima yake na mtawala wake kasrini pale Vaduz, ina kilomita za mraba 160. Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, ambayo kijiji cha Kisaki ni jirani yake, ina 30,893. Nchi ile ingeweza kuingizwa humo mara mia na tisini na ushee, na tembo wasishtuke. Hesabu hii ingemfaa sana kijana mmoja aliyekuja likizo kutoka Uswisi, kama angeipiga kabla ya kumweleza mjomba wake mpango wa Jumamosi.

Kijana alikuwa amewahi kutembelea Liechtenstein. Yeye na wenzake walikodi gari wakatoka Zürich asubuhi, wakapanda hadi kijiji cha Triesenberg, wakanywa kahawa, wakapanda tena hadi Malbun, karibu mita 1,600 juu ya bahari, wakawapiga picha ng'ombe wenye kengele, na jioni wakala chakula chao mezani kwao. Nchi nzima wameimaliza! Ziara ya binafsi, ya siku moja, bila abiria wa kuokoteza. Sasa alitaka iwe hivyo hivyo hapa: watoke Kisaki alfajiri, wapande milima ya Uluguru hadi vijiji vya juu ya Kolero alikozaliwa bibi yake mzaa mama, na saa kumi na mbili jioni wawe wamerudi kuangalia mpira.

Mjomba, mwalimu mstaafu mwenye shamba la mpunga, alimsikiliza mpaka mwisho. Akajaribu kumvuta kwenye chemchemi za maji moto za hapo hapo Kisaki, ambako mtu huenda kwa miguu na kurudi akiwa bado anajijua. Kijana hakutaka. Kama angekuwa mtoto wa kumzaa mwenyewe, mzee angekataa na habari zingeishia hapo. Lakini Waluguru hufuata ukoo wa mama. Ardhi na jina hupita upande huo, na mtoto wa dada ana sauti kwa mjomba wake ambayo mtoto wa kuzaa hana.

"Sawa, mjomba. Tutakwenda," alisema. Kisha akaingia ndani kumwambia mkewe asiwapikie cha jioni.

Gari likapatikana kwa Mnyamwezi mmoja wa Tabora, aliyefika Kisaki kununua mchele akanogewa. Lilikuwa na viti saba, vyote vimevishwa vitambaa vyeupe vya kufuma. Kijana akaweka masharti yake kwa lugha ya mikataba: watu watatu tu, yaani yeye, mjomba na dereva, hakuna kupakia mtu, hakuna kusimama ovyo. Dereva akaitikia kila sharti kwa "hamna shida," na hakuna neno linalopaswa kumtia wasiwasi msafiri wa Tanzania kuliko hilo.

Kulalamikia safari za pande hizi si jambo la leo. Richard Burton na John Speke walipita bonde hili mwaka 1857 wakielekea Tabora, na Burton akaacha kurasa nyingi za manung'uniko: mvua, tope, punda wasiotii, wapagazi wanaotoroka. Dutumi, ambako siku hizi gari la Kisaki hupita likipiga honi, homa ilimlaza siku kadhaa. Na huyo hata mlima hakuupanda. Aliuangalia kutoka chini.

Alfajiri ile walitoka saa mbili asubuhi. Mafuta yalikuwa hayajanunuliwa, na muuzaji mwenye madumu alikuwa amekwenda msibani na funguo. Hawajavuka kitongoji cha kwanza, akatokea mama mwenye mtoto mgonjwa anakwenda zahanati. Kijana mwenyewe ndiye aliyefungua mlango. Huwezi kumwacha mgonjwa barabarani kwa sababu ya mkataba. Mama alikuwa na mama mkwe wake. Mama mkwe alikuwa na kuku wawili wa kumpelekea mtu. Hatua chache mbele alisimama mzee wa makamo aliyenyoosha mkono taratibu, kwa adabu zote. Alikuwa anashuka "hapo mbele tu."

Hapo mbele pa Uluguru ni mahali pa ajabu. Kila mkionyeshwa mnapaona, na kila mkikaribia panapanda mlima. Zahanati ikafika, mgonjwa akashuka na mama yake, kuku wakabaki, kwa kuwa ilionekana wao walikuwa wanaendelea na mama mkwe. Nafasi ya mgonjwa ikachukuliwa na kijana mwingine mwenye fenesi.

Lilikuwa fenesi limeiva mpaka linajitangaza lenyewe. Mtu wa Matombo au Kinole hulikata akiwa amekwisha kujipaka mafuta mikononi, maana utomvu wake ukishika kitu hautoki kwa maji wala kwa sala. Hili lilikuwa limechanika kidogo ubavuni. Liliwekwa kwenye kitambaa cheupe, gari likaruka shimo, na tangu hapo fenesi na kiti wakawa mwili mmoja. Dereva alitazama kwenye kioo, akafumba macho. Mjomba ndiye aliyejitolea kulipakata ili kuokoa viti vilivyobaki, na suruali yake ya kaki ikaingia katika ndoa hiyo.

Mvua ilianza walipoanza kupanda, wala si kwa bahati mbaya. Mawingu ya Bahari ya Hindi hayana kizuizi cha maana mpaka yagonge milima hii, ambayo kilele chake kikubwa, Kimhandu, kinapita mita 2,600. Ndiyo maana upande wa mashariki hunyeshewa karibu mwaka mzima, na ndiyo maana karafuu, iliki, mdalasini na pilipili manga vinastawi pale. Maji yake hukusanyika Ruvu na kunywewa Dar es Salaam. Kijana, aliyekuwa amevaa raba nyeupe za kuendea matembezi ya Ulaya, aliteremka kusukuma gari kwenye kijito na kulitia guu moja lote kwenye udongo mwekundu. Raba ilibaki chini. Kama mkondo uliichukua, basi ilikuwa njiani kuelekea Kariakoo.

Gari lilipogoma kabisa, walitokea vijana wenye majembe, mbao na kamba, kabla hata hawajaitwa. Hao hawakuwa wapita njia. Walikuwa na bei ya kusukuma, bei ya kuvuta, na bei ya kutandika mawe. Na kiongozi wao, aliyekaa juu ya gogo akitafuna muwa, alitoa ushauri bure kwamba kwa mwezi huu wachukue vyote vitatu. Baadhi ya wasomaji watasema vijana wa aina hiyo ndio wanaomwagia maji mashimo usiku. Ni uzushi. Uluguru mashimo hayahitaji kumwagiwa maji.

Hapo ndipo mjomba alipotoa wazo lililoharibu yaliyobaki. Gari lizunguke na barabara pamoja na abiria. Yeye na mpwawe wakate kwa njia ya miguu, wafike mapema, na wote wakutane kwenye mwembe mkubwa karibu na shule.

Mwaka 1916 wazo hili lilikwisha kujaribiwa katika milima hii hii. Majeshi ya Afrika Kusini yaliyokuwa yakimfukuza Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, yalipita Uluguru kwa njia tofauti ili yakutane Kisaki, ambako Wajerumani walikuwa na ghala lao. Kikosi cha Jenerali Brits kilifika kikapigana tarehe 7 Septemba, kikarudishwa nyuma. Kikosi cha pili kikafika tarehe 8, hakina habari ya yaliyotokea jana yake, nacho kikapigwa peke yake. Mawasiliano hayakuwapo. Siku chache baadaye Wajerumani waliondoka wenyewe, kwa wakati wao.

Mjomba alifundisha historia kwa miaka mingi na vita hivyo alivijua vizuri. Hata hivyo yeye na mpwawe walifika kwenye mwembe mkubwa karibu na shule, wakakaa. Na dereva akafika kwenye mwembe mkubwa karibu na shule, akakaa. Kijiji kilikuwa na shule mbili, ya juu na ya chini, na ukoloni, kanisa na serikali za vijiji zote zilipenda kupanda miembe. Simu ya kijana ilikuwa na kamera tatu na haikuwa na mtandao. Mtoto mmoja aliwaambia kwamba mtandao unapatikana kule kwenye jiwe, saa za jioni, ukisimama umeelekea kaburini.

Kolero ni jina kubwa kuliko lilivyo kwenye ramani. Hapa ndipo palipokuwa na mzimu wa Kolelo, ambao watu wa mbali waliuendea kuomba mvua na rutuba, na mwaka 1905 jina lake likahusishwa na mahubiri ya Majimaji. Kijana aliandaa maswali ya kuwauliza wazee kuhusu hayo. Wazee nao walikuwa na maswali: mama yake hajambo, ameoa, mshahara wa huko ni kiasi gani, na mbona ana kiatu kimoja. Kila nyumba ilihitaji shikamoo yake, kila shikamoo ilizaa kiti, na kila kiti kilizaa sahani. Ndizi za kuchemsha nyumba ya kwanza, ugali na mboga za majani ya pili. Kwenye nyumba ya tatu mpwa alisema ameshiba, akaangaliwa kama mtu aliyetangaza kwamba ukoo umekufa. Akala.

Mzee mmoja alimwonyesha mashamba yaliyosimama wima kama ukuta na kumweleza kuhusu mwaka 1955, serikali ya Mwingereza ilipowalazimisha kuchimba matuta ya ngazi ili udongo usiporomoke. Matuta yalifukua udongo mbaya wa chini na kuufukia ule wenye rutuba, watu wakachoka kuchimba mashimo ya kulimia njaa, pakazuka vurugu, na mpango ukaachwa. Kijana alitaka kurekodi. Betri ilikuwa imekwisha kwa kutafuta mtandao.

Dereva alipopatikana, ilikuwa kwa sauti. Alikuwa ametafutwa na kijiji kizima, na aliletwa akiwa amejifunika mwavuli mpya wa kijana, ule unaofunguka wenyewe ukibonyezwa, ulionunuliwa Zürich.

"Wewe kwenu wapi?" mzee wa matuta alimwuliza.

"Tabora, mzee. Shikamoo."

"Marahaba ya nini? Mnyamwezi! Mtumwa wangu umefika!"

"Nimekuja kukuzika, nikaambiwa bado unajivutavuta."

Watu wakaangua kicheko. Utani wa makabila, unaoaminika kukua katika misafara ya zama za wapagazi, umewashughulisha wasomi. Mwaka 1963 James Christensen, mwanaanthropolojia wa Marekani, alichapisha makala nzima kuhusu utani wa Waluguru katika jarida la American Anthropologist. Msomi hueleza vizuri kwamba mtani anaweza kukutukana na kukuchukulia kitu chako, nawe usikasirike. Kijana alijifunza hayo kwa vitendo. Mzee aliupokonya mwavuli, akaubonyeza ukajifunga, akaubonyeza ukafunguka, akaingia nao ndani.

"Mjomba, ule ni wangu!"

"Ulimpa nani aushike?"

"Dereva."

"Basi ni wa mtani," mjomba alisema, na mvua ikaongezeka.

Mpira ulikuwa umefika kipindi cha pili walipoanza kuteremka. Kurudi hakukuwa na mjadala wa nani apande. Habari kwamba gari linashuka Kisaki zilikuwa zimetangulia barabarani, na kwenye kila kona palikuwa na mkungu wa ndizi umeegemea mtu. Kijana aliketi katikati ya akina mama wawili walioongea Kiluguru kupitia kifuani pake, na fenesi likarudi mapajani mwa mjomba. Kila aliyepanda alimshukuru kwa heshima, akamwita mwanetu, akamwombea njia njema. Alianza kulainika. Alijiambia kwamba Ulaya wana barabara, lakini hawana hiki; na pengine angeendelea kuwaza hivyo mpaka uwanja wa ndege, kama gari lisingesimama Kisaki chini ya taa.

Hapo aliona noti zikitoka kwenye ncha za khanga. Mmoja mmoja, abiria walikuwa wakimlipa dereva nauli.

"Umewatoza?" aliuliza. "Gari nimekodi mimi!"

"Ulikodi viti vitatu, bosi. Mkataba ulisema mwenyewe, watu watatu tu. Vingine nimeuza."

Mjomba alikuwa bado ndani, hajashuka, kwa kuwa suruali na fenesi vilikuwa vinahitaji mafuta ya taa ili kuachana. Alitoa kichwa dirishani, akaanza kwa sauti ya darasani. Alisema kiti chake kimelipiwa, na mwenye fenesi kiti chake kimelipiwa, lakini fenesi limesafirishwa kutwa, kwenda na kurudi, kwenye mapaja ya mtu aliyelipa. Sasa mapaja hayo yahesabiwe nini, kiti au buti?

Dereva alifikiri kidogo, akihesabu noti.

"Buti," alisema. "Na mzigo wa buti unalipiwa, mwalimu."