Mbuzi Apewe Kibali, Umusambi Aachiwe Bwawa Lake

Mwambie mtu wa Buraza, Burundi, kwamba duniani kuna miji ambako watu walihangaika na halmashauri ili waruhusiwe kufuga kuku. Atacheka mpaka ashike mbavu. Lakini ni kweli, na madai mengi ya namna hiyo yalikuwa ya haki. Haya, tuhesabu kutoka sita kushuka hadi moja, kwa kipimo hiki: je, mnyama huyu anaishi vyema na watu, na jirani anabaki salama?

6. Sungura, Queensland
Mwaka 1859 Thomas Austin aliachia sungura wachache shambani kwake, Victoria, Australia, apate cha kuwinda. Wakazaana, wakavamia sehemu kubwa ya bara. Jimbo la Queensland bado linamkatalia raia wa kawaida kufuga sungura nyumbani, ila mfanya mazingaombwe anaweza kuomba kibali. Wapenzi wa sungura wamepeleka maombi bungeni bila mafanikio. Basi jifunzeni kiinimacho, jamani! Hukumu: serikali isilaumiwe. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

5. Kicheche wa kufugwa, California
Marufuku tangu 1933, kwa hofu kwamba akitoroka atawamaliza ndege wa porini. Mwaka 2004 wabunge walipitisha mswada wa kumhalalisha. Gavana Arnold Schwarzenegger akaukataa. Ndiye yuleyule aliyeigiza pamoja na kicheche katika filamu ya Kindergarten Cop, 1990! Urafiki wa kwenye filamu haukufika ikulu. Hukumu: majimbo karibu yote ya Marekani yanamruhusu. Wafugaji wasikilizwe.

4. Kuku, Madison
Katika mji huu wa Wisconsin, watu walifuga kuku kwa kificho, wakaunda kikundi na kudai haki yao. Mwaka 2004 halmashauri ikakubali mitetea wachache kwa kila nyumba. Jogoo akakataliwa, maana kelele zake za alfajiri hazina mpenzi mjini. Wahenga walishasema: jogoo wa shamba hawiki mjini. Hukumu: ushindi halali, na mayai juu.

3. Mbuzi, Seattle
Mwaka 2007 Jennie Grant alianzisha umoja wa kuwatetea mbuzi, na mwaka huohuo halmashauri ikaruhusu mbuzi wadogo. Masharti: pembe zitolewe, beberu ahasiwe. Beberu hakuulizwa maoni! Hukumu: haki imetendeka. Hata Burundi, sheria ya mwaka 2018 inataka mifugo ikae zizini, isizurure. Ruhusa bila utaratibu huzaa ugomvi wa majirani.

2. Mbwa, Reykjavik
Mji mkuu wa Iceland ulipiga marufuku mbwa mwaka 1924, kwa kuwa walieneza minyoo hatari kwa binadamu. Waliopenda mbwa hawakukata tamaa. Hata waziri wa fedha, Albert Guðmundsson, alishtakiwa kwa kumfuga Lucy wake. Waziri mzima, kesi ya mbwa! Mwaka 1984 marufuku ikalegezwa: mbwa kwa kibali, ada na dawa ya minyoo. Hukumu: ugonjwa ukidhibitiwa, sheria nayo ibadilike.

1. Umusambi, Rwanda na kwetu
Huyu korongo mwenye taji la dhahabu, mcheza ngoma hodari, uzuri wake umemponza. Nchini Rwanda watu walimkamata, wakamkata manyoya ya mabawa, wakamgeuza pambo la bustani za hoteli na majumba. Huyu hastahili kibali cha kufugwa, anastahili msamaha. Tangu 2014 daktari wa wanyama Olivier Nsengimana na chama chake, RWCA, wakishirikiana na serikali, waliwaambia wenye ndege: mtoeni, hamtaadhibiwa. Zaidi ya 200 walitolewa. Wazima walipelekwa mbuga ya Akagera; wasioweza tena kuruka wakapata makao Umusambi Village, Kigali. Waliohesabiwa porini walikuwa 487 mwaka 2017. Kufikia 2023 walipita 1,000.

Burundi nasi tunaweza, maana mabwawa ya bonde la Ruvubu yapo. Ukimkuta umusambi uani kwa mtu, usimsifu mwenye nyumba. Mshauri kwa upole amkabidhi kwa OBPE, ofisi ya kulinda mazingira. Fuga kuku, fuga mbuzi, mtunze mbwa wako. Umusambi ni wa porini, na sheria inayomlinda isilegezwe hata kidogo.