Heko kwa Fundi wa Kung'oa

Peugeot 504 ikichemsha mlimani, wapo wakorofi wanaodai uchunguzi: injini ipoe kwanza, kifuniko cha rejeta kikaguliwe kama bado kinashika presha, mkanda wa feni ubonyezwe, oili itazamwe kama imegeuka rangi ya chai ya maziwa. Uvivu mtupu, kujificha nyuma ya kufikiri. Fundi hodari huuliza tu spana iko wapi, na kabla mvuke haujatulia, thamostati iko chini mchangani.

Hoja yake haina mwanya. Kidude kile hubana njia ya maji mpaka yafike nyuzi 80 hivi. Kinachobana ni kizuizi, na kizuizi hutolewa. Kwa hekima iyo hiyo, benki zingeng'oa milango ili foleni ziende. Mpinzani atasema rejeta ndiyo iliyoziba, kwa kutu na chumvi za maji ya kisima, hivyo gari litachemsha tena kesho. Vizuri, kesho kuna kingine cha kung'oa. Atasema pia injini isiyofikia joto lake hunywa petroli zaidi na kuchakaa mapema, kana kwamba wenye vituo vya mafuta hawana watoto wa kusomesha. Tena 504 ilishinda Safari Rally mwaka 1975 na 1978. Gari lililovumilia matope yale litashindwaje kumvumilia fundi? Na mshale wa joto ukizidi kupanda, waya wake ni mmoja tu, na koleo lipo.