Kozi Yenye Nondo

Mwanafunzi wa uchumi kilimo wa mwaka wa pili alitakiwa kuongeza kozi moja ya sayansi ya kuchagua mwenyewe, krediti zitimie. Kwenye orodha kulikuwa na sayansi ya udongo, takwimu, botania na entomolojia, yaani elimu ya wadudu. Mwenye akili angejiuliza ni ipi inayoshikana na uchumi. Mimi nilitazama ratiba.

Udongo ulikuwa na maabara Ijumaa mchana, na Ijumaa mchana nina mambo yangu. Takwimu ilianza saa moja asubuhi, saa ambayo sijawahi kuiamini. Botania niliikwepa kwa sababu ya majina ya Kilatini, kana kwamba wadudu wanaitwa Juma na Asha. Ikabaki kozi ya wadudu, Jumatano saa nane, wali ukiwa umeshatulia tumboni. Tena kaka mmoja wa mwaka wa tatu aliyewahi kuisoma alinihakikishia, "Dogo, ile kozi ina nondo." Chuoni nondo ni hoja nzito, zile unazozimwaga kwenye mtihani mpaka msahihishaji anakaa vizuri kitini. Nikaona nimepata. Sikujua kwamba kaka alikuwa anasema nondo wenyewe, wale wanaozunguka taa usiku.

Mshauri wangu wa masomo aliitazama fomu, kisha akanitazama mimi.

"Uchumi na wadudu, vipi?"

"Nawapenda sana, Daktari."

Akasaini.

Maelezo ya kozi yalikuwa na kurasa mbili, na mimi niliishia ule wenye ratiba. Wa pili ndio uliosema kwamba kila mwanafunzi atakusanya wadudu 50, wa oda zisizopungua 10, awachome pini, awaandikie vibandiko na kuwaleta ndani ya kisanduku kabla muhula haujaisha. Niliusoma ukurasa huo wiki ya tisa.

Nikakata chandarua changu, nikashona wavu. Usiku ule ule oda ya Diptera, ya mbu na nzi, ilinifuata yenyewe. Hemiptera sikuitafuta pia: kunguni wa hosteli yetu hawakuhitaji mwaliko. Dawa ya kuulia ilikuwa ethili asetati, inayomiminwa kwenye pamba chini ya chupa. Ya maabara ilikuwa imeisha, nikaazima kwa dada mmoja wa darasani dawa ya kutolea rangi ya kucha, maana nyingine huwa na kemikali hiyo hiyo. Ikabidi nimweleze kwamba si ya kucha zangu. Nilipomweleza ni ya nini, akasema heri ingekuwa ya kucha zangu.

Kuchoma pini nako kuna sheria. Kipepeo huchomwa katikati ya kifua. Mbawakawa hapana: pini hupita kwenye ubawa mgumu wa kulia, karibu na bega, ili upande wa kushoto ubaki mzima wa kutazamwa. Mimi wale wa kwanza niliwachoma popote palipokubali. Panzi mmoja alipoteza miguu yote miwili ya nyuma, akabaki kama panzi mstaafu.

Nilipofika 41 nikasukuma kisanduku chini ya kitanda, nikaenda kulala kifua mbele. Asubuhi nikakuta pini 41 zimesimama wima, vibandiko vimekaa mahali pake, na wadudu hawapo. Sisimizi walikuwa wamefanya kazi usiku kucha. Nafthalini, ambayo kila mtu darasani alikuwa ameiweka, mimi niliiona ni gharama ya bure. Nilichokipata kwenye msiba ule ni sisimizi wanne waliochelewa kuondoka. Hao wakawa Hymenoptera yangu.

Siku tatu zilizobaki nilikusanya chochote chenye miguu. Mwalimu alipopita kukagua, akatoa buibui wawili na tandu mmoja, kwa sababu mdudu ana miguu sita na hawa walikuwa wamezidisha. Halafu akaanza kusoma vibandiko kwa sauti. Kibandiko lazima kiseme mahali, tarehe na jina la aliyekusanya, na mimi, kwa bahati mbaya, nilikuwa mkweli. Mende: jikoni kwa mama ntilie. Nzi: kwa mama ntilie, meza ya pili. Kunguni: godoro langu. Vipepeo saba: nyuma ya bweni la wasichana, saa kumi na moja jioni. Darasa likawa limelala juu ya meza kwa kicheko.

"Huyu," alisema mwalimu, "hakukusanya wadudu. Ameandika ratiba yake."

Likizo ikaja, tukaenda fildi. Swali tulilopewa wana uchumi ni kwa nini mkulima auze mahindi wakati wa mavuno bei ikiwa chini, badala ya kungoja miezi michache ipande. Mwenzangu wa chumbani, aliyechukua takwimu na kuiweza, alikuwa na dodoso la kurasa sita. Tukamsalimu mzee mmoja, shikamoo na marahaba zikapita, mwenzangu akauliza. Mzee hakujibu. Aliinuka, akafungua kiroba cha mwaka jana na kummiminia mkononi unga uliojaa punje zenye matobo.

"Ngojeni nyie, wajukuu zangu. Mimi nina Scania humu ndani."

Mwenzangu akageuka kutafuta lori. Mimi niliinama. Alikuwa dumuzi, mbawakawa wa milimita kama nne, mgeni kutoka Amerika ya Kati aliyeonekana kwanza Tabora mwishoni mwa miaka ya 1970 au mwanzoni mwa ile ya 1980, akaenea mpaka wakulima wakampa jina la lori. Hula mahindi, hula makopa ya muhogo, na habagui bei ya soko. Mihula mitatu tulichora mikunjo ya ugavi na mahitaji, na hakuna hata mmoja uliokuwa na nafasi ya mnyama huyu. Nilimweleza mzee habari zake kwa nusu saa, hadi pini inapopita. Mzee akanipa miwa miwili.

Kwenye kozi ya wadudu nilipata C. Mwenzangu alipata A kwenye takwimu, na katika ripoti yake ya fildi dumuzi ameingia kwenye safu ya "Mengineyo".