Pipa la Kiuu na Nyota Yenye Mkia

Pipa letu la maji lilipasuka Jumapili tarehe 3 Julai 2005, saa kumi jioni, siku moja kabla ya Wamarekani kuigonga nyota yenye mkia. Tarehe siwezi kuisahau, maana mwanangu wa pili, aliyekuwa darasa la sita, alikuwa ameiandika kwa chaki ukutani juu ya kitanda chake wiki nzima: "Jumatatu, tarehe 4. Saa tatu kasoro."

Tulikuwa tukiishi Kiuu, upande wa Ruiru unaopakana na Githurai, kwenye ploti ya orofa tatu. Sisi tulikaa juu, Mama Mapacha chini, mlango wake ukitazama uani. Maji ya mfereji yalikuja siku mbili kwa wiki, tena usiku wa manane, kwa hiyo kila nyumba ilikuwa na pipa lake pale uani. Letu lilikuwa la plastiki, la buluu, la lita 200: mitungi kumi ya lita ishirini. Ukitaka kujua yamebaki kiasi gani, ulibisha kwa kifundo cha kidole, ukianza juu na kushuka, ukasikiliza pale mlio unapobadilika. Hivyo ndivyo tulivyolijua pipa letu kwa miaka mitatu. Tulilijua kwa mlio wake.

Habari za nyota zililetwa nyumbani na mwanangu kutoka kwa mwalimu wake wa sayansi. Jumamosi usiku, tukila githeri, alitueleza zote, akisahau hata kijiko mkononi. Chombo kiliitwa Deep Impact. Kilirushwa kutoka Florida tarehe 12 Januari mwaka ule, kikiwa kimebeba kingine kidogo, kama mama aliyembeba mtoto mgongoni. Yule mtoto alikuwa na uzito wa kilo 370 hivi. Baba watoto alipiga hesabu papo hapo: magunia manne ya mahindi na ushei. Nyota yenyewe, wanaita kometi Tempel 1, iligunduliwa mwaka 1867 na Mjerumani Wilhelm Tempel, nayo huzunguka jua kwa miaka mitano na nusu. Vitakutana kwa mwendo wa kilomita kumi na zaidi kwa sekunde.

"Kutoka Nairobi mpaka Thika ni sekunde nne, Baba," akasema. Baba watoto, aliyekuwa amekaa saa mbili ndani ya matatu siku iliyotangulia kwenye barabara ile ile, aliweka sahani chini.

Cucu, mama mkwe wangu, alikuwa amekuja kutoka Gatundu kututembelea. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja: "Na wakishaigonga, itaangukia wapi?"

"Haianguki, Cucu. Iko mbali, kilomita milioni 133. Tena ni kubwa, ina upana wa kilomita kadhaa. Hata njia yake haitabadilika."

"Basi wanaigonga ya nini?"

"Wajue iko na nini ndani."

Akaeleza kwamba kometi ni barafu na vumbi lililobaki tangu jua na dunia zilipoumbwa, miaka bilioni nne na nusu iliyopita. Juu imechomwa na jua mara nyingi, kwa hiyo ukiitazama kwa nje unaona masizi tu. Ile ya asili imejificha chini. Baba yake, ambaye ni fundi wa stima, akataka kujua mtoto yule ametengenezwa kwa nini. Alipoambiwa karibu nusu yake ni shaba, akauliza kwa nini shaba, na jibu lilimfurahisha sana. Shaba haina haraka ya kuungana na maji, wala haikutarajiwa kupatikana kwa wingi kwenye kometi, kwa hiyo wanasayansi wakiusoma mwanga wa mlipuko hawatachanganya kilichotoka kwa nyota na kilichotoka kwao. Aliyempa mwanangu wazo la siku iliyofuata ni baba yake kwa swali hilo, ingawa sote hatukujua.

Jumapili tulikwenda kanisani. Saa zile zile za asubuhi, huko mbali, mama alikuwa amemteremsha mtoto mgongoni na kusogea kando, ili amwangalie akienda. Tuliporudi nilipika, nikajilaza kidogo. Mwanangu alishuka kwa Mama Mapacha, anayeuza mandazi asubuhi, akamwomba unga wa ngano kilo mbili "wa Mama". Akaujaza kwenye karai langu la kufulia, akausawazisha kwa kiganja, akanyunyiza majivu juu yake uwe mweusi kama masizi ya nyota. Akaliweka karai uani, chini ya korido yetu, hatua mbili kutoka kwa pipa. Kisha akatoa kwenye sanduku la vyuma la baba yake kipande cha shaba kikubwa kama kipande cha sabuni ya kufulia, kilo moja na nusu, akakizungushia ile gundi nyeusi ya nyaya za stima. Mapacha na watoto wote wa ploti walijipanga ukutani. Walihesabu kwa pamoja kutoka kumi.

Mimi niliamshwa na mshindo, kisha ukimya, kisha maji.

Shaba haikufika kwenye karai. Iligonga ukingo wa pipa, na plastiki ile iliyokaushwa na jua miaka mitatu ikachanika kutoka mdomoni hadi karibu na kitako. Pipa lilikuwa limejaa usiku wa Jumamosi. Maji yote yalitoka kwa mkupuo, yakalibeba karai na unga wake, yakapita chini ya mlango wa Mama Mapacha, yakalowesha gunia la makaa na unga wa mandazi ya Jumatatu. Nilipofika chini nilimkuta amepandisha leso magotini, anafagia ujiuji mweupe kutoka sebuleni kwake, naye hakuniambia neno lolote. Ukimya wake uliniuma kuliko kelele.

Nilimgombeza mwanangu mbele ya ploti nzima. Nilimwambia maneno ambayo mtoto wa miaka kumi na miwili hapaswi kuyasikia kwa mamake. Alijitetea mara moja tu, kwa sauti ndogo: "Mama, chao kina kamera na akili ya kujielekeza. Changu hakina." Na ni kweli, chombo kile kilijirekebisha njia chenyewe mara tatu katika saa mbili za mwisho. Lakini mimi sikutaka kusikia. Nilimnyang'anya kile kipande cha shaba, nikakifungia kwenye sanduku langu la bati pamoja na vyeti na leso zangu za harusi.

Cucu ndiye aliyetazama ndani ya pipa. Alipanua ule ufa kwa mikono yake miwili, akaniita kwa upole: "Mama watoto, njoo uone tulichokuwa tukinywa."

Chini kabisa palikuwa na tope jekundu la kimo cha kidole, laini kama unga uliochekechwa. Kandokando palikuwa pameota utelezi wa kijani. Ndani ya tope mlikuwa na kijiko cha mtoto, kifuniko cha chupa, na mende wawili. Miaka mitatu tulichota juu, tukaongeza juu, tukachota juu. Binti yangu mdogo alikuwa analalamika tumbo tangu Pasaka, nami nilikuwa nimebadilisha chakula, nimebadilisha sabuni, nimebadilisha mahali pa kununua maziwa. Sikuwahi kuinamisha pipa. Tangu tuliponunua jingine na kuanza kulimwaga na kulisugua kila mwezi, na maji ya kunywa kuyachemsha, tumbo lile lilitulia.

Jumatatu asubuhi mwanangu alikwenda shule bila kuniaga. Saa tatu kasoro dakika nane nilikuwa uani na Mama Mapacha, tunaanika makaa. Julai ya Kiambu unaijua: mawingu mazito, baridi, jua halionekani. Na hata lingeonekana, kwetu kulikuwa kumekucha. Usiku ulikuwa bado huko Hawaii na magharibi ya Marekani. Dakika ile ndiyo picha zilipofika duniani, baada ya kusafiri angani zaidi ya dakika saba.

Jioni, kwenye taarifa ya habari ya saa moja, tulikuwa watu kumi na mmoja mbele ya televisheni yetu ya inchi 14, na mtu mmoja nje anashikilia antena. Kometi ilionekana ya kijivu, yenye mabonde, kama kiazi kilichochimbwa sasa hivi. Ikakaribia, ikajaza kioo. Halafu kamera ya chombo mama ikaonyesha mwako mweupe ubavuni mwake, unaotanuka kama shuka linalokung'utwa. Sebule ilipiga makofi. Mapacha waliruka juu ya kochi. Jirani mmoja aliuliza haya yanatuhusu vipi sisi, na Baba watoto akamkumbusha kwamba setilaiti ya kwanza duniani ya kuchunguza miali ya eksirei angani ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, karibu na Malindi, tarehe 12 Desemba 1970, ikaitwa Uhuru kwa heshima ya sikukuu yetu. Anga halina mwenyewe, alisema. Nilimtafuta mwanangu kwa macho. Alikuwa nyuma ya mlango, anatazama kupitia bawaba.

Kumbe hata wale wataalamu hawakuona walichotamani. Vumbi lililoruka lilikuwa jingi kuliko walivyotarajia, laini kama poda, likalifunika shimo lote. Chombo mama kilipita kwa kasi na kwenda zake bila kuliona. Walipata barafu ya maji, walipata udongo wa asili, lakini shimo lenyewe ikabidi lisubiri.

Lilisubiri karibu miaka sita. Mwezi wa Februari 2011 chombo kingine, Stardust, kilipita karibu na Tempel 1 na kulipiga picha. Mwanangu, aliyekuwa ameingia kidato cha nne, alichapisha picha ile kwenye saiba ya Githurai na kunileta karatasi jikoni. "Mama, shimo lenyewe hili hapa. Mita 150." Uwanja wa mpira na nusu. Tuliitazama pamoja. Hakutaja pipa, nami sikutaja.

Kisha Jumamosi tarehe 16 Julai mwaka huo huo, kimondo kilianguka huku kwetu, eneo la Thika. Watu walisikia ngurumo ilhali mvua haipo, na mawe yakatua. Vipande vilivyokusanywa vilifikia kilo 14 na zaidi, na leo jiwe lile linajulikana na wanasayansi wa dunia nzima kwa jina la Thika. Jumapili mwanangu alipanda matatu akaenda, akarudi jioni viatu vimejaa vumbi jekundu na macho yakimeremeta. Cucu alikuwapo tena, sasa anatembea kwa bakora. Akamuuliza: "Hili nalo waliligonga?"

"La, Cucu. Hili limekuja lenyewe. Wala halikutoka kwenye ile nyota."

"Lakini umri ni mmoja?"

"Karibu mmoja, Cucu."

Cucu akatikisa kichwa kwa kuridhika. Mimi nikaenda chumbani, nikafungua sanduku la bati, nikaleta kipande cha shaba kikiwa vile vile nilivyokifungia. Nilimwambia, "Nilikugombeza, na pipa lile ndilo lililomponya dadako. Nisamehe."

Alikigeuza kiganjani muda mrefu. "Hukuifungua?" Nikauliza kufungua nini. Akatafuta ncha ya ile gundi nyeusi kwa ukucha, akaikunjua polepole. Chini yake mlikuwa na karatasi ya daftari iliyokunjwa mara nne, kavu kabisa. Akanieleza kwamba ndani ya chombo cha Wamarekani mlikuwa na sahani ndogo ya kompyuta yenye majina ya watu zaidi ya 600,000 waliojiandikisha kutoka kila pembe, yafike kwenye nyota. Naye aliyaandika yetu.

Mwandiko ulikuwa wa darasa la sita. Cucu alikuwa wa kwanza. Baba. Mama. Dada. Kakake mkubwa. Mama Mapacha, na mapacha wake mmoja mmoja. Watoto wa ploti nzima, mlango kwa mlango. Nilisoma mpaka mwisho, nikasoma tena. La kwake halikuwepo.

Nilichukua kalamu pale juu ya meza, nikaliandika. Kisha tukaikunja karatasi mara nne na kuizungushia gundi upya, yeye akishika shaba, mimi nikivuta.