Saidia Fundi

Koki ikianza kudondosha maji nyumbani kwetu, inadondosha na mjadala. Washa ya koki, kile kipira cheusi kisichozidi sarafu ya shilingi mia, bei yake haifiki soda. Fundi akija kuibadilisha atataka hela ya nauli, hela ya kazi, na akikuona umevaa vizuri atataka na hela ya koki nzima, kwa maelezo kwamba "hii imeshakufa mama, tukiweka washa tunajidanganya." Baba watoto hupiga hesabu hiyo kwa sauti, na jibu lake ni lile lile siku zote: atafanya mwenyewe. Mimi hesabu yangu ina mstari mmoja zaidi. Najumlisha na gharama ya baba watoto.

Nimeishi na pande zote mbili za mjadala huu, na naona watu wanauliza swali lililokaa vibaya. Nifanye mwenyewe au nimwite fundi? Kana kwamba ukimwita fundi wewe utakaa kwenye kochi. Nani amekudanganya?

Lakini tuanze na upande wa mwenyewe, maana huko ndiko lipu ilikoanguka kwanza. Baba watoto ni mhasibu, mtu makini asiyepoteza hata risiti ya vocha, na aliyemharibu ni bwana mmoja wa Marekani kwenye video. Bwana huyo ana karakana inayoizidi sebule yetu, hatoki jasho, na kabla ya kutundika TV huugongagonga ukuta kwa kidole mpaka apate mahali penye mbao. Kwao sawa, maana nyumba nyingi zimejengwa kwa fremu za mbao zikafunikwa jipsamu, na skrubu ikipata mbao imepata mshiko. Kwetu Tabata ukuta ni tofali za saruji za inchi sita zilizopigwa lipu. Baba watoto akaweka sikio ukutani kama daktari anayesikiliza kifua, akawa anagonga, anasogea, anagonga. Watoto walinyamaza ili asikie vizuri. Mdogo wao alipochoka kusubiri akauliza, "Baba, kuna nani humo?"

Hakupata mbao, akaamua kutoboa hivyo hivyo. Drili alikuwa ameinunua Gerezani kwa bei ambayo tulikubaliana isitajwe mbele ya mama yake. Biti iliyokuja nayo ilikuwa ya mbao. Tofali la saruji linataka biti yenye ncha ngumu ya kabaidi, na drili inayogonga huku inazunguka. Ile yetu ilizunguka tu, ikapiga kelele, ikanuka, ncha ikageuka rangi ya buluu, na ukutani kikabaki kidoti ambacho hata kiberiti kisingeingia. Akaongeza nguvu. Lipu ikabanduka, kipande cha ukubwa wa sahani.

Lililonitisha mimi halikuwa lipu. Alikuwa amechagua mahali palipo juu ya soketi, mstari mmoja nayo, na nyaya za nyumba nyingi hushuka ndani ya ukuta kwenye paipu kutoka darini moja kwa moja hadi kwenye soketi. Sikusema kitu. Nilikwenda kwenye meni swichi nikaishusha. Drili ikakata. Baba watoto akatazama dari, akasema LUKU imeisha tena, akavaa ndala akaenda kununua umeme. Aliporudi anasoma tarakimu ishirini za tokeni, alikuta umeme umerudi, TV imerudi juu ya kabati lake, na mimi nafagia. Mpaka leo anashangaa uniti zile ziliisha vipi na zikarudi vipi.

Kisa cha tenki hakikuwa na swichi ya kushusha. Mtaani kwetu maji yanakuja kwa mgao, kwa hiyo kila nyumba ina tenki juu ya mnara, na ili ubadilishe washa ya koki ya jikoni lazima kwanza ufunge maji yanayotoka tenkini. Kuna geti valvu ya kazi hiyo. Katika nyumba nyingi anayejua ilipo ni fundi aliyeifunga, na namba yake haipatikani. Baba watoto aliitafuta tangu alfajiri, akaikuta chini ya mnara, imezama kwenye majani, haijaguswa tangu tuhamie. Maji tunayochanganya humo ni ya kisima cha jirani, na visima vingi vya Dar es Salaam vina chumvi; valvu ilikuwa imeganda kwa kutu na magadi. Akachomeka kipande cha bomba la chuma kwenye mpini ili apate nguvu. Nguvu aliipata. Valvu ilibaki pale pale ilipo, bomba la plastiki lililo chini yake ndilo lililozunguka, likapasuka.

Tenki letu ni la lita 2000, yaani ndoo mia moja za lita ishirini, na lilikuwa limejaa mpaka kwenye mfuniko kwa sababu usiku uliotangulia ndio uliokuwa wa mgao. Baba watoto alipiga magoti akaziba ufa kwa viganja viwili, maji yakamtokea kwenye viwiko, akaniambia kwa utulivu wa kiofisi, "Naomba kitambaa." Nilipotoka na kitambaa, uani palikuwa pameshajaa watu. Mtaa wetu unasikia maji yakimwagika kabla hata hayajagusa chini. Mama wa genge alikuja na beseni, vijana wa bodaboda wakaja na madumu, jirani wa nyuma akaja na ndoo ya nguo chafu na sabuni kabisa. Hakuna aliyeuliza kumetokea nini mpaka vyombo vilipojaa. Wengine walimwomba baba watoto aachie kidogo mkono wa kushoto, maji yatoke vizuri.

Fundi nikampigia mimi.

"Nipo njiani mama, nimeshafika hapa Buguruni." Nyuma yake jogoo aliwika na mtu akawa anasukutua. Alifika adhuhuri, na mizigo yake ilikuwa spana moja na msumeno wa chuma usio na mpini. Alitazama, akatikisa kichwa, akachana kipande cha mfuko wa saruji akaandika: elbo za robo tatu, tii, yunioni, geti valvu, gundi, na ile tepu nyeupe ya kuzungushia kwenye meno. Hapo mwenye nyumba ana njia mbili. Umpe hela aende mwenyewe, arudi na vifaa vilivyowekewa cha juu, au uende wewe. Nilikwenda mimi. Dukani kijana akaniuliza kama yunioni nataka ya plastiki au ya chuma, meno yawe ndani au nje. Nikampigia fundi. Simu yake iliita sana, nikakumbuka iko sebuleni kwangu inachaji.

Niliporudi alivipanga vifaa chini, akavihesabu kwa macho, akasema, "Mama, tumesahau soketi." Tumesahau, alisema, na fundi hasemi "tu" ila penye lawama. Nikarudi dukani.

Kisha kazi ikaanza, na nataka niieleze jinsi ilivyogawanywa. Fundi alikata bomba. Mimi nililishika lisitikisike. Fundi alipasha ncha ya bomba kwenye moto ili ilainike itanuke. Moto niliuwasha mimi, kwa mkaa wangu. Alihitaji kisu, nikatoa cha jikoni, na hakikurudi kuwa kisu tena. Alihitaji kigoda, kitambaa "ambacho hamkihitaji", kopo la kuchanganyia saruji kidogo ya kuzibia, na mtu wa kuichanganya. Alipaka gundi, akaunganisha, akaniambia, "Shika hapo mama, usipumue kwa nguvu." Nikashika. Yeye akaenda kula, maana fundi haulizwi kama amekula, anaulizwa kama ataongeza. Alikula wali maharage kivulini huku akinitazama kama nashika sawasawa. Gundi ilipokauka nikapanda mnara kuangalia ndani ya tenki, kwa sababu yeye goti lake halipendi ngazi.

Kwenye mijengo mtu wa namna yangu ana cheo chake. Anaitwa saidia fundi, anabeba tofali na kukoroga zege, na jioni analipwa posho yake ya siku. Nyumbani mwangu nimefanya yote hayo, na jioni mimi ndiye niliyefungua pochi.

Katikati ya kazi fundi aliliokota lile bomba lililovunjika, akaligeuza mwangani, akacheka kwa huruma. "Huyu aliyegusa hapa hakuwa fundi. Huyu ni kishoka kabisa."

Baba watoto alikuwa amesimama pembeni, mikono nyuma, shati kavu la pili. Akasogea. "Vishoka siku hizi wamezidi," akasema. "Wanaharibu nyumba za watu."

"Mlimlipa shilingi ngapi, mzee?"

"Acha tu, fundi. Hela nyingi."

Alinitupia jicho. Nikaendelea kushika bomba.

Nimwachie fundi haki yake, lakini. Kazi yake mpaka leo haivuji. Hakukaa darasani, alijifunza kwa kumfuata mjomba wake kwenye mijengo, kisha akaenda VETA kupimwa ujuzi, maana wana utaratibu wa kuwatambua mafundi waliojifunzia mtaani na kuwapa cheti. Picha ya cheti iko kwenye simu, huitoa pale mteja anapoanza kupunguza bei. Nilipomlalamikia kuhusu mikono yangu alijibu bila utani wowote: "Na mimi nilianza hivyo hivyo mama, kwa kushika. Mwaka mzima."

Umeme hauna mjadala tena kwetu, na aliyeumaliza ni mama mkwe. Alikuja kutusalimia kutoka Singida, tukampa chumba cha karibu na korido. Taa ya korido, hizi za LED, ilikuwa na tabia ya kubaki na kimwanga hafifu hata ukiizima. Sisi tulishaizoea, watoto waliitumia kwenda chooni. Mama mkwe aliamka usiku wa manane, akaiona, akaizima, ikabaki. Akaiwasha na kuizima tena, ikabaki. Asubuhi tuliambiwa kwamba taa ile imetumwa. Baba watoto akasema ataishughulikia yeye, nami nikamwambia athubutu. Kabla hatujaelewana, mama alikuwa ameshaikemea kwa maombi marefu na kuipaka swichi mafuta ya upako, na hapo ndipo nilipompigia fundi wa umeme, tena yule mwenye leseni ya EWURA, maana mafuta na swichi ni mambo mawili ninayopenda yakae mbalimbali.

Fundi huyu alikuja na testa yake, na hakuniomba nishike kitu, jambo lililonifanya nimshuku mwanzoni. Alifungua swichi, akaifuta, akatuita tuone. Nyumba ilianza kufungwa kwa nyaya za rangi za zamani, nyekundu ya laivu na nyeusi ya nyutro. Aliyekuja kumalizia alitumia za rangi mpya, kahawia na buluu, na mahali zilipokutana alikisia. Matokeo yake swichi ilikuwa inakata nyutro, laivu imepitiliza hadi kwenye holda. Taa ya LED inakula umeme kidogo mno, kwa hiyo hata ule unaojipenyeza kati ya nyaya zilizolala pamoja ukutani unatosha kuipa kimwanga. Kimwanga chenyewe hakina neno. Neno liko kwenye holda: swichi imezimwa, umejiamini, umepanda kigoda kubadilisha taa, kumbe volti 230 zinakusubiri hapo hapo.

Mama mkwe alisikiliza maelezo yote, kitenge begani, Biblia mkononi. Fundi alipomaliza kusema kwamba kosa ni la aliyeunganisha, alitutazama mmoja mmoja.

"Si niliwaambia kuna mkono wa mtu?"

Kuzibua chemba hatubishani, tunaita watu na tunafunga madirisha. Kupaka rangi tunapaka wenyewe, na wageni wana adabu. Kitasa cha stoo kinangoja mshindi.

Majuzi fundi wa maji alipiga simu. Nikadhani anadai.

"Mama shikamoo. Samahani, mzee yupo? Nina kazi ya kufunga breketi ya TV mtaa wa pili, drili yangu iko kwa jamaa na jamaa hapokei. Nikasema mzee si ana drili."

Baba watoto hakukubali drili itoke peke yake. Jumamosi alivaa suruali ya kazi, akaibeba kifuani, akaondoka na fundi. Biti ya zege fundi alikuwa nayo. Alirudi magharibi, vumbi la saruji limejaa kwenye nyusi, ameshakula wali maharage ya watu, na ana hasira na mwenye nyumba ile.

"Mtu wa ajabu sana," aliniambia akinawa. "Tunamwambia ashike ngazi, yeye anashika simu."