Nguzo na Mgeni Rasmi
Taa ya barabara kuu ya jiji ina kazi mbili: kumwonyesha dereva mtu anayevuka, na kumwonyesha mpiga kura kwamba fedha zimetumika. Ya pili ndiyo huchagua nguzo.

Kwa miongo mingi barabara ziliangazwa na taa za sodiamu, zenye mwanga wa chungwa wa kelvini 2000 hivi, ambao chini yake gari jekundu na la kahawia ni mapacha. Zilipokuja LED, zinazokula umeme kidogo, majiji mengi yalikimbilia nyeupe kabisa, za kelvini 4000 na zaidi, kana kwamba barabarani kuna mtu anayefanyiwa upasuaji. Mwaka 2016 Chama cha Madaktari cha Marekani kilishauri zisizidi 3000, maana mwanga wenye bluu nyingi hutia kiwi macho na kuvuruga usingizi. Wakazi wa Davis, California, walikuwa wameshalalamika tangu 2014, na mitaani mwao taa mpya zikabadilishwa kwa mpya zaidi.

Taa za sola ndizo kipenzi cha zabuni. Hazina waya wa kuibwa; zina betri. Betri ikichoka, au ikihamia usiku kwenye redio ya mtu, nguzo hubaki kubandikiwa tangazo la mganga. Bajeti ya uzinduzi haikosekani. Ya matengenezo hutafutwa kwa tochi.

Kisha kuna kihisi cha mwanga, kidude kinachowasha taa jua likizama. Kikizibwa na vumbi hudhani ni usiku, na barabara huangazwa saa sita mchana kwa bidii ambayo usiku haijawahi kuonekana.