Kutu Kwanza, Rangi Baadaye: Majibu kwa Wafufuaji wa Magari ya Kale wa Kimwani

Kufufua gari la kale ni kulirudisha katika hali ya kutembea, kusimama na kubeba watu kwa usalama, huku sehemu zake za asili zikibakizwa kadiri inavyowezekana; kazi hiyo hutofautiana na matengenezo ya kawaida, ambayo humridhisha mwenye gari mradi amefika aendako. Maswali yanayojibiwa katika safu hii yametoka kwa wakazi wa Kimwani na majirani zao wa Muleba na Bukoba ambao, kwa sababu wanazozijua wenyewe, wameamua kufufua gari la spoti aina ya Datsun 240Z ndani ya kibanja, chini ya paa la bati, mahali ambapo ukoo ulitarajia kuona banda la mbuzi. Uchaguzi wa gari haushangazi, kwa kuwa 240Z ilishinda mbio za East African Safari mwaka 1971 ikiendeshwa na Edgar Herrmann, kisha ikashinda tena mwaka 1973 ikiendeshwa na Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda. Kinachoshangaza ni mpangilio wa kazi, maana karibu kila muulizaji ameanzia pale ambapo kazi ilipaswa kuishia.

Swali la kwanza, kutoka kwa Ta Spana wa Kyamyorwa

Muulizaji huyu amekwisha kununua rangi ya chungwa, vibandiko vya namba za mashindano na taa nne za mbele, lakini anaeleza kwamba kidole chake kilipita kwenye sakafu upande wa dereva bila kutumia nguvu. Anauliza iwapo puti itatosha.

Jibu. Puti, yaani lahamu inayopakwa ikiwa laini na kukauka ikawa ngumu, imekusudiwa kusawazisha bonde dogo juu ya bati zima, wala haikukusudiwa kushika nafasi ya bati lenyewe. Jambo hili lina uzito wa pekee katika 240Z kwa sababu gari hilo, tofauti na Land Rover za zamani, halina chasisi inayojitegemea. Bodi yenyewe ndiyo inayobeba injini, magurudumu na abiria, na kwa hiyo tundu la sakafuni ni upungufu wa nguvu za gari zima. Muulizaji anashauriwa kufunika rangi yake vizuri, aiweke mbali na jua, kisha achukue bisibisi na nyundo ndogo ili akague kitako cha betri, ambako tindikali hula bati kwa miaka mingi bila kelele, sakafu iliyofunikwa na zulia, reli mbili zinazopita chini ya sakafu hiyo, na matao ya magurudumu ya nyuma. Bati zima hulia kwa mlio mkali linapogongwa, ilhali bati lililooza hutoa mlio wa kudidimia na kuachia vumbi jekundu.

Kabla ya kukata chochote, mabomba yachomelewe kukingama kwenye nafasi za milango, kwa kuwa bodi iliyoondolewa sakafu hujikunja polepole, na mwenye gari hugundua baadaye kwamba amepata sakafu mpya pamoja na milango isiyofungika. Kiraka kichomelewe kwa nukta fupi zinazorukiana, upande huu kisha upande ule, kila nukta ikiachwa ipoe, maana bati jembamba likipata joto mfululizo hupinda. Mashine ya vijiti inayotumika kutengeneza mageti mara nyingi hutoboa bati la aina hiyo, na mashine ya waya inayopuliza gesi ya kukinga ndiyo inayofaa zaidi. Muulizaji asijione mgeni katika kazi ya chuma. Mwaka 1978 mwanaakiolojia Peter Schmidt na mwenzake Donald Avery walichapisha katika jarida la Science matokeo ya utafiti wao wa Buhaya, wakionyesha kwamba wahunzi wa ufuko huu wa magharibi wa Ziwa Viktoria walizalisha chuma cha pua, yaani chuma chenye kiasi maalumu cha kaboni, zaidi ya miaka 1,500 iliyopita, katika tanuri ambazo hewa ya mivukuto ilipashwa moto kabla ya kufika kwenye makaa. Hakuna ushahidi wowote kwamba wahunzi hao walitumia puti.

Swali la pili, kutoka kwa Fundi wa Usiku, Kamachumu

Muulizaji alipaka rangi usiku mmoja wa Novemba ili kukwepa vumbi la mchana. Alisimamisha mabati mapya kuzunguka gari kama kizuizi cha upepo na kuwasha balbu kubwa mbili. Kulipopambazuka, boneti ilikuwa na senene wengi waliogandia kwenye rangi, na watoto wa jirani walikuwa wakiwabandua kwa uangalifu wa kitaalamu.

Jibu. Ikumbukwe kwamba mtego wa senene unaotumika kote Bukoba na Muleba huundwa kwa taa kali, mabati yanayong'aa yaliyosimamishwa, na chombo cha kupokelea wadudu wanaoteleza. Muulizaji alijenga mtego huo bila kasoro, tofauti pekee ikiwa kwamba chombo cha kupokelea kilikuwa Datsun. Lawama zisielekezwe kwa senene, ambao huja kwa majira yao, hasa Novemba na Desemba, na hawakupewa taarifa ya mpango wa kupaka rangi. Zaidi ya hayo, hewa ya usiku karibu na ziwa hubeba unyevu mwingi, na unyevu ukinaswa ndani ya rangi inayokauka huacha ukungu mweupe usiotoka kwa kusugua nguo. Rangi ipakwe kati ya Juni na Agosti, mvua zikiwa zimepungua, kuanzia saa nne asubuhi umande ukishakauka, na sakafu ya karakana inyunyiziwe maji kidogo ili kutuliza vumbi. Boneti isuguliwe upya hadi kwenye praima, ambayo ni rangi ya msingi inayoshikana na bati. Senene waliokwisha kubanduliwa wasiliwe.

Swali la tatu, kutoka kwa Mpwa Mwenye Haraka, Nshamba

Injini ya gari alilorithi kwa mjomba wake haijazunguka kwa miaka mingi. Rafiki mmoja anapendekeza gari livutwe na Fuso likiwa kwenye gia, na mwingine anapendekeza injini ya Noah.

Jibu. Injini iliyolala muda mrefu hukwama kwa sababu ringi za pistoni hushikana na kuta za silinda kwa kutu, na kuilazimisha kwa nguvu za Fuso ni kuvunja kwa dakika moja kitu ambacho kingeweza kufunguka kwa wiki moja. Plagi zote sita zitolewe, oili nyepesi imiminwe katika kila silinda, na injini iachwe siku kadhaa. Baada ya hapo gia iwekwe huru, spana ishikishwe kwenye nati ya mbele ya kreki, na injini isukumwe kwa mkono, kidogo mbele na kidogo nyuma, hadi iachie. Pendekezo la rafiki wa pili linawezekana kiufundi, kwa gharama ya kubadili mihimili ya injini, giaboksi na shafti. Lakini gari lililoondolewa injini yake ya L24, yenye silinda sita zilizopangwa mstari mmoja na ujazo wa sentimita za ujazo 2,393, litakuwa limeacha kufufuliwa na kuanza kuwa Noah yenye viti viwili.

Swali la nne, kutoka kwa Aliyeagiza Mapema, Bukoba

Muulizaji aliagiza Japani gaskiti ya silinda heda ya "Fairlady Z", jina ambalo gari hilo liliuzwa nalo huko, na matundu ya gaskiti ni madogo kuliko ya injini yake.

Jibu. Magari mengi ya Fairlady Z ya kipindi hicho yaliyouzwa ndani ya Japani yalikuwa na injini ya L20 ya lita mbili, ambayo silinda zake zina kipenyo cha milimita 78, wakati zile za L24 zina milimita 83. Spea huagizwa kwa namba ya injini iliyogongwa kwenye bloku, na jina zuri lililoandikwa ubavuni halihusiki. Ikiwa baadaye injini itawaka na kutoa moshi mweusi, lawama isipelekwe haraka kwa gaskiti, kwa kuwa Ziwa Viktoria liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni pungufu kwa takriban sehemu moja ya kumi, na kabureta mbili zilizopimwa kwa hewa ya pwani hutoa petroli nyingi kuliko hewa hiyo inavyoweza kuunguza. Petroli ya kabureta hizo ipunguzwe kwa kiasi sawa, kisha kipande cha bomba la mpira kiwekwe ncha moja sikioni na nyingine kwenye mdomo wa kila kabureta kwa zamu, na mivumo miwili ilinganishwe hadi isitofautiane.

Swali la tano, kutoka kwa Mke wa Mfufuaji, Kasharunga

Muulizaji anataka kujua kazi ya mumewe itakwisha lini. Anaongeza kwamba bwana huyo, ambaye gari lake bado liko juu ya magogo, huwaambia wageni kwamba lilishiriki Safari, na kwamba ameanza kuulizia injini yenye nguvu zaidi.

Jibu. Madai ya kushiriki mashindano huthibitishwa kwa namba ya bodi na kumbukumbu za washiriki, na mama anaruhusiwa kudai vyote viwili mbele ya wageni. Kuhusu nguvu, mumewe aoneshe kwanza breki, kwa kuwa mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa yakikaa, na unyevu huo huozesha masta silinda, kifaa kinachosukuma mafuta hayo kuelekea magurudumuni, hata pale ambapo gari halijasogea hata hatua moja. Mafuta yote ya zamani yamwagwe, mipira ya ndani ibadilishwe, na mabomba membamba yakaguliwe urefu wote. Kazi itahesabiwa kuwa imekwisha siku ambayo mama mwenyewe ataketi kiti cha abiria, gari likateremshwa mlima, likasimama pale alipoamuru lisimame.

Wasomaji wanataarifiwa kwamba maswali kuhusu taa za ziada, vibandiko na rangi ya chungwa yataendelea kupokelewa, mradi kila swali liambatane na picha ya sakafu iliyokamilika, iliyopigwa kutoka chini.